Mpaka wa Kiwanja Chako Uko Wapi Hasa?

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunatafuta mipaka ya kiwanja cha nyumba, na kabla hujashika futi kamba naomba usahau kwanza habari za uzio. Uzio unakuonyesha mahali fundi alipoona pepesi kuchimba mashimo. Huenda alikwepa mti, huenda alikutana na mwamba. Michongoma ndiyo kabisa, hunenepa kila mwaka upande wenye jua.

Anza na karatasi. Toa hati yako uangalie ramani ya upimaji iliyoambatishwa. Kama haipo, kaombe nakala kwenye ofisi ya ardhi ya eneo lako. Kila mstari wa mpaka umeandikiwa vitu viwili: urefu wake, na nyuzi (digrii) za uelekeo wake, ambazo huhesabiwa kuanzia kaskazini kwa mwendo wa saa. Hakikisha unajua urefu umeandikwa kwa mita au kwa futi, maana futi 100 ni mita 30.48 tu. Na tafadhali, usiweke rula juu ya ramani! Kwenye skeli ya 1:1000, milimita moja ya rula ni mita nzima ya ardhi, na fotokopi nyingine huwa zimepunguzwa ukubwa. Soma tarakimu zilizoandikwa.

Sasa twende uwanjani. Mwambie jirani kwanza. Ukionekana na jembe pembezoni mwa kiwanja chake bila taarifa, kazi ya saa mbili itageuka kesi.

Tunatafuta bikoni, yaani yale mawe ya mpaka. Mara nyingi ni nondo au bomba la chuma lililosimikwa kwenye zege, wakati mwingine lina namba inayolingana na ya ramani. Nyingi zimefunikwa na udongo, majani au kifusi cha ujenzi. Fyeka, kisha chokoachokoa ardhi taratibu kwa nondo nyembamba hadi usikie kitu kigumu. Ukiweza kuazima kifaa cha kutambua chuma, azima, kitakupunguzia mashimo. Ila kumbuka kinalia hata kwa msumari na kizibo cha soda.

Umepata moja? Usisherehekee bado. Pima kutoka hapo hadi ya pili, ulinganishe na ramani. Hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi mwenyewe nikiwemo: nililaza futi kamba kwenye mteremko, nikasoma namba, nikaanza kumshuku jirani. Urefu wa kwenye ramani ni wa usawa, haufuati mteremko. Ukipima mita 30 juu ya ardhi inayoshuka mita 5, urefu halisi wa usawa ni kama mita 29.58. Kwa hiyo vuta futi kamba ikiwa imenyooka hewani, ihakiki kwa pima maji, na upande wa chini uning'inize timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kuonyesha inapoangukia. Mteremko ukiwa mkali, pima vipande vifupi vifupi.

Bikoni mbili zikikubali, funga uzi kati yake, uvute ukaze. Huo ndio mpaka wako wa upande huo. Fanya hivyo pande zote, halafu pima na pembe kwa pembe. Kiwanja cha mstatili cha mita 20 kwa 30 kitatoa mita 36.06 kwa ulalo wote wawili. Zikitofautiana sana, kuna bikoni imehama.

Mtaniuliza kuhusu GPS ya simu, ile inayoonyesha mahali ulipo. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa hata chini ya anga wazi. Itumie kujua uanzie wapi kufyeka, basi. Dira nayo, ukikosea digrii moja tu, kwenye mita 30 umeshahama nusu mita.

Bikoni iliyoegama au kung'oka usiiguse. Nchi nyingi zinahesabu kuihamisha kuwa kosa la jinai, hata kama nia yako ilikuwa kuinyoosha. Hapo mwite mpima ardhi mwenye leseni. Mwite pia ukitaka kujenga ukuta, au jirani akikataa vipimo vyako, kwa sababu uzi wako hauna nguvu kisheria.

La mwisho: piga picha ya kila bikoni, kisha pima umbali wake hadi kona mbili za nyumba na uandike nyuma ya nakala ya ramani. Nyasi zikishaota tena, utajua pa kuchimba.