Kiwango cha matunzo ya mtoto: hakimu anakitoa wapi?

DEO: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Deo, na nipo na dada yangu Rehema, wakili ambaye kesi za familia ndizo zinazompeleka mahakamani kila wiki. Dada, nikuulize kile kinachobishaniwa kila kijiwe: watu wakiachana, mahakama inamkata baba asilimia ngapi ya mshahara?

REHEMA: Hakuna asilimia, kaka Deo. Kijiweni utaambiwa theluthi, ukihamia kijiwe cha pili utaambiwa nusu. Sheria za Tanzania Bara hazina jedwali la namna hiyo. Nasema Bara kwa sababu Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya 2011, na wana mahakama za kadhi.

DEO: Basi hakimu anakadiria tu kwa macho?

REHEMA: Hapana, ana vitu vya kupima. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili. Aangalie kama kuna kinachompunguzia mtu uwezo wa kutafuta, tuseme ugonjwa. Aangalie watoto wengine anaowalea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Mtoto wa Masasi na mtoto wa Sinza hawali kwa bei moja.

DEO: Nimesikia "wazazi wote wawili". Akina baba hapo wamepumua.

REHEMA: (anacheka) Wasipumue sana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inaanza na baba: malazi, mavazi, chakula na elimu ya mtoto ni jukumu lake kulingana na uwezo na hadhi yake, hata kama mtoto anaishi kwa mama. Mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo, au hana uwezo. Sasa hiyo ya 2009 ikaja ikaweka mifuko yote miwili mezani. Kwa hiyo mama mwenye ajira ataulizwa mshahara wake, ni kweli. Ila anayeishi na mtoto ana mchango usio na risiti: kupika, kufua, kukesha na homa usiku halafu asubuhi kuomba ruhusa kazini. Mawakili wengi wa akina mama hawalisemi hilo, na lisiposemwa haliingii kwenye jalada.

DEO: Kenya nasikia wao hawana mzunguko.

REHEMA: Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, inasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sisi bado tunasoma sheria mbili za enzi mbili tofauti. Na usisahau tulikotoka. Kabla ya 2009, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake ya tangu ukoloni, ambayo kiwango cha juu kabisa cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi.

DEO: Mia? Mia hii hii?

REHEMA: Mia hii hii. Imekaa kwenye vitabu mpaka mia inanunua pipi. Sheria ya Mtoto ndiyo iliyoifuta.

DEO: Haya, niwe mama nimefika mahakamani leo. Nimeandika "naomba laki tano kwa mwezi". Nitapata?

REHEMA: Utaulizwa laki tano ya nini. Ukijibu "ya mtoto", umekwama. Njoo na daftari. Unga kilo ngapi kwa mwezi, mchele, mafuta, gesi. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, zidisha siku za shule. Hela ya chakula cha mchana shuleni. Kodi ya nyumba: siyo yote, sehemu inayomhusu mtoto. Halafu kuna gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, hizo unagawa kwa 12. Sare, viatu na begi vikigharimu laki moja na ishirini kwa mwaka, andika elfu kumi kwa mwezi. Bandika risiti zilizopo. Hakimu akiona hesabu ya laki mbili na themanini iliyosimama hivyo, atapata shida kuipunguza bila sababu. Laki tano ya mdomo ataipunguza bila kusumbuka.

DEO: Baba atasimama aseme shule siku hizi ni bure.

REHEMA: Ada ndiyo iliyoondolewa kwenye shule za serikali. Daftari, sare, nauli na sahani ya wali hazijaondolewa.

DEO: Sasa tuje kwa wasio na slipu ya mshahara, maana ndio wengi. Mtu ana bajaji mbili na kibanda cha chipsi, anafika pale anasema "mheshimiwa, mimi ni kibarua tu".

REHEMA: Huyo namfahamu, kila wiki yupo, anabadilisha shati tu! Kwa huyo unaonyesha maisha yake. Kadi ya bajaji ina jina la nani? Leseni ya biashara? Taarifa ya miamala ya simu ya miezi michache inazungumza kuliko shahidi, mtu anasema hana kitu huku laki nne zinaingia na kutoka kila wiki. Mwenye nyumba anaweza kuja kueleza kodi analipwa kiasi gani. Tena kuna afisa ustawi wa jamii: mahakama humwagiza aandike ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na hapo anazungumza na pande zote na kuangalia mtoto anaishije. Watu wanaipuuza ripoti ile, wakati hakimu anaisoma kwanza.

DEO: Hapo hapo kwa ustawi. Mtaani tishio ni moja tu: "nitakupeleka ustawi." Wakielewana kule, wakaandikishana laki kwa mwezi, si imeisha?

REHEMA: Kuelewana ustawi ni vizuri, kunaokoa miezi. Ila ile karatasi siyo amri ya mahakama. Akiacha kutuma, huna cha kukazia, yaani huna amri ya kuiomba mahakama imlazimishe kulipa. Ichukueni mkaisajili mahakamani, iwe amri. Kwa Dar es Salaam kuna Mahakama ya Watoto pale Kisutu, na kuna Kituo Jumuishi cha Temeke ambacho kazi yake ni masuala ya familia, ngazi mbalimbali za mahakama ziko sehemu moja. Mikoani nako unaanzia mahakamani.

DEO: Tuseme amri imetoka, laki mbili kwa mwezi. Mwezi wa tatu baba anapunguzwa kazini. Kuanzia wa nne anatuma elfu hamsini, anamwambia mama "vumilia, hali unaijua".

REHEMA: Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapopotea. Amri haijui kwamba umepunguzwa kazini. Inaendelea kuhesabu laki mbili. Ukifika mwezi wa tisa, miezi sita imepita, kila mmoja una pengo la laki na nusu: unadaiwa laki tisa, na kazi huna. Mama akienda kukazia, unaweza kukamatiwa mali. Ukipata kazi mpya, mwajiri anaweza kuagizwa akate moja kwa moja.

DEO: Alitakiwa afanye nini?

REHEMA: Mwezi ule ule wa nne achukue barua ya kuachishwa kazi, arudi mahakamani aombe amri ibadilishwe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu, iwapo hali imebadilika kweli kweli, au amri ya kwanza ilijengwa juu ya uongo au ukweli uliokosewa. Hata makubaliano mliyoandikiana wenyewe, kifungu cha 134 kinaruhusu yaguswe. Na hii siyo rufaa. Rufaa ni pale hakimu amekosea, na kesi za ndoa zina siku 45. Maombi ya kubadilisha yanaletwa maisha yanapobadilika, hata miaka mitatu baadaye.

DEO: Na mtu akiacha kazi makusudi ili apunguziwe?

REHEMA: Wapo. Hakimu anaangalia uwezo wa kutafuta, siyo slipu tu. Fundi umeme mwenye miaka 34 na afya yake hawezi kusema ghafla hana pa kupata hela. Na mlango huo unafunguka pande zote mbili: mama naye anarudi mtoto akianza shule, akigundulika na sikoseli, au baba akipanda cheo.

DEO: Baba akioa mke mwingine?

REHEMA: Watoto wapya wanahesabiwa. Harusi haihesabiwi.

DEO: (anacheka) Umri je? Akifika 18 basi?

REHEMA: Kwa kawaida amri inakoma hapo. Lakini kama bado anasoma au yupo kwenye mafunzo, mahakama inaweza kuombwa iiendeleze, na mtoto mwenyewe anaweza kuomba.

DEO: Tumalizie na ujumbe wa msikilizaji, sitamtaja. Anasema mzazi mwenzake amemzuia kumuona mtoto, naye akaacha kutuma hela.

REHEMA: Wote wawili wanamkomoa mtoto. Kumuona mtoto ni haki inayojitegemea, matunzo nayo yanajitegemea. Aendelee kutuma, kwa njia inayoacha kumbukumbu, siyo bahasha kwa shemeji. Halafu aombe amri ya kumtembelea mtoto.

DEO: Anauliza pia: nguo za Idi na vitabu alivyonunua, si vikatwe kwenye matunzo?

REHEMA: Kama amri inasema laki na nusu taslimu, ni laki na nusu taslimu. Za Idi ni zawadi. Akitaka kulipa ada na matibabu yeye mwenyewe, aombe amri igawanywe: hela ya chakula iende kwa mama, ada iingie akaunti ya shule kwa jina la mtoto. Apeleke maombi hayo kabla muhula haujafunguliwa, maana karani akishakupangia tarehe ya mbali, shule haikusubiri.