Pilipili ya Chupa: Inatunzwa na Uchachu, Haitunzwi na Ukali

(Mhadhara kwa wakulima wa bustani na wasindikaji wadogo, Muheza, Tanga)

Wazee wangu shikamooni. Akina mama, vijana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie pilipili ya chupa, ile tunayoitengeneza wenyewe kwa pilipili za bustanini. Nianze na swali nililoulizwa pale mlangoni, maana somo lote limo ndani yake. Mzee mmoja kaniambia: "Mwalimu, pilipili ni kali namna ile, kijidudu gani kitaishi humo?"

Wanaishi, mzee wangu, na wengine wanastawi. Ukali wa pilipili unatokana na kitu kiitwacho kapsaisini, na kazi yake ni kuudanganya mwili wako uone kwamba unaungua. Inawasha ulimi wa mtu, wa mbuzi, wa panya. Ndege hausikii kabisa, ndiyo maana pilipili kichaa huota zenyewe chini ya mti bila kupandwa na mtu: ndege kala juu, kaangusha mbegu chini. Sasa kama ndege mzima hausikii ukali huo, tusitegemee kwamba utatulindia chupa miezi sita.

Kinacholinda chupa ni uchachu. Naomba mnivumilie hapa kidogo, halafu tutakwenda haraka.

Wako bakteria wa udongoni wanaoitwa Klostridiamu botulinamu. Pilipili, vitunguu saumu, karoti, vyote vinatoka shambani na vinaweza kuja nao. Bakteria hawa wana tabia mbili mbaya. Ya kwanza, hujifungia ndani ya ganda gumu, na ganda hilo halifi kwa maji yanayochemka. Viwandani hutumia mitungi ya mvuke wenye shinikizo mpaka joto lifike nyuzi 121. Ya pili, hawapendi hewa. Ukijaza chupa na kuifunga kabisa, umewatengenezea nyumba. Humo hutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Na chupa yenye sumu hiyo inaweza isinuke wala isibadilike ladha.

Kwa hiyo mama anayesema "mimi nimechemsha saa nzima" hajamaliza kazi. Kilichobaki ni kuhakikisha bakteria hao hawapati pa kukua. Kipimo cha uchachu kinaitwa pH, na namba ikishuka, uchachu umepanda. Bakteria hao hawakui chini ya 4.6. Pilipili mbichi peke yake iko kwenye 5 hivi na kuendelea, upande wa hatari. Siki ya dukani iko karibu na 2.5. Mimi nataka rojo yenu iwe chini ya 4, si 4.5, kwa sababu karoti ya leo na ya kesho hazilingani, na mizani zetu za jikoni nazo tunazijua.

Tuingie kwenye kutengeneza. Chukua nusu kilo ya mboga zote kwa pamoja: pilipili mbuzi zilizoiva nyingi, karoti moja kwa ajili ya uzito na rangi, kitunguu saumu punje chache. Mimina nusu lita ya siki. Soma kibandiko cha siki: iandikwe asilimia 5. Zipo zinazouzwa zikiwa hafifu zaidi, na nyingine hazijaandikwa kitu. Hiyo isiyoandikwa kaoshee madirisha. Chumvi vijiko viwili vya chai. Pika mpaka karoti ilainike, saga kwa blenda, rudisha jikoni ichemke tena, kisha ijaze ikiwa moto kwenye chupa za kioo ulizochemsha. Usipunguze siki kwa sababu imekuwa chachu mno. Weka sukari kidogo, ladha itatulia na uchachu utabaki palepale.

Mtu ataniuliza kuhusu ndimu na ukwaju. Kwa ladha, tia. Ukwaju na pilipili mbuzi ni ndoa nzuri sana. Lakini usivitegemee kwa ulinzi, kwa sababu uchachu wa ndimu hubadilika kutoka mti hadi mti, na wa ukwaju hubadilika kwa jinsi ulivyoukamua.

Sufuria: tunazo za alumini nyumba nzima. Siki huila alumini, rojo ikapata ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua, au ya udongo, au ile yenye rangi ya kung'aa kama haijabanduka. Na fungueni madirisha. Wahenga wanasema pilipili usiyoila yakuwashiani, lakini hawakuwa wamesimama jikoni wakati pilipili mbuzi inachemkia kwenye siki. Mvuke ule hautazami nani anakula na nani hali. Ukikata, vaa glavu. Ikikushika mkononi, jipake kwanza mafuta ya kula halafu ndipo sabuni, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, maji hayaiwezi. Ukitaka kupunguza ukali, kwangua ule utando mweupe wa ndani. Wengi wanatupa mbegu wakidhani ndizo kali, kumbe ukali unatoka kwenye utando, mbegu zimepakwa tu.

Baada ya kujaza, chupa zichemshwe ndani ya maji dakika 10. Nyie mlioteremka kutoka Lushoto, fanyeni dakika 15, kwa sababu kule juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu.

Njia ya pili ni kuchachusha, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Humu siki hainunuliwi, uchachu unatengenezwa na bakteria wema ambao tayari wako kwenye ngozi ya pilipili. Kampuni ya pilipili ya chupa ya Tabasco kule Louisiana, Marekani, iliyoanza 1868, inafanya hivyo: wanaponda pilipili na chumvi, wanaiacha kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu, kisha wanachanganya na siki. Sisi hatuna haja ya miaka mitatu. Ponda kilo moja ya pilipili nyekundu, changanya na gramu 30 za chumvi, zipime kwa mizani. Jaza chupa pana mpaka robo tatu tu, kandamiza pilipili izame kwenye maji yake. Kwa joto letu la hapa, siku moja au mbili utaona mapovu. Ile ni gesi, kwa hiyo legeza mfuniko kila siku, la sivyo chupa ya kioo itakupasukia. Baada ya wiki mbili mapovu yakitulia, pima pH.

Mtaona wakati mwingine utando mweupe, laini, juu yake. Huo uondoe kwa kijiko uendelee. Lakini ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga chupa nzima. Usichote juu ukaokoa chini.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu kumwaga mafuta juu ya pilipili ili isiharibike. Swali zuri, maana karibu kila nyumba wanafanya hivyo. Mafuta yanazuia ukungu wa juu, ni kweli, kwa sababu yanafukuza hewa. Na nimesema bakteria wabaya hawapendi nini? Hewa. Kama chini kuna siki ya kutosha, mafuta hayana neno. Kama ni pilipili na vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta matupu, hiyo weka kwenye friji na uimalize ndani ya siku nne. Usiifunge kwenye chupa ukaipanga dukani, hata kama jirani anauza hivyo na hajaumwa mtu.

Kwa wanaotaka kuuza: nendeni ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mkoani kwa mafunzo ya usindikaji, na alama ya ubora ni ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula. Watakachotaka kuona kwenu mapema ni daftari: tarehe, uzito wa mboga, kiasi cha siki, pH ya kila sufuria. Andikeni tangu sufuria ya kwanza. Vipimo vya karatasi ni rahisi lakini rangi nyekundu ya pilipili huvidanganya. Kikundi changeni mnunue kipimo kimoja cha umeme, na mkisawazishe kwa vile vimiminiko vinavyokuja nacho, pH 4 na 7, kabla ya kila kazi.

Maswali mengine tutajibu jikoni. Glavu ziko mezani, wenye watoto mgongoni wakae upande wa madirishani.