Ghuba ya Nyangumi: Bandari Isiyokuwa na Nchi Kavu

Mabibi na mabwana, ghuba ninayoizungumzia leo haikuwa na ufuo wa mchanga wala wa mwamba. Ghuba ya Nyangumi, huko Antaktika, ilizungukwa na barafu tupu, yaani ukingo wa bamba la Ross, linaloelea juu ya bahari na kusogea kuelekea kaskazini mamia ya mita kila mwaka. Kusini mwake kipo Kisiwa cha Roosevelt, kilichofunikwa kabisa na barafu. Bamba hugawanyika kukipita, na pengo linalobaki mbele yake ndilo lililokuwa ghuba.

Mvumbuzi wa Uingereza Ernest Shackleton aliipa jina Januari 1908, baada ya kuwaona nyangumi wengi. Alikusudia kupiga kambi kwenye hori ambalo Waingereza walilifikia mwaka 1902, lakini akakuta kingo zake zimemeguka, na kwa tahadhari akageuza meli kuelekea McMurdo, kwingineko kwenye pwani ya Antaktika. Mvumbuzi wa Norwe Roald Amundsen alizisoma habari hizohizo akahitimisha kinyume: kwa kuwa James Clark Ross aliona dalili za ghuba mahali hapo katika miaka ya 1840, barafu hiyo lazima iwe imeegemea ardhi. Alipatia nusu tu. Kisiwa kilikuwapo, ila chini ya nyumba yake, Framheim, palikuwa na bahari. Kwa maoni yangu, bahati ilimfaa kuliko hoja.

Wanaume tisa, pamoja na mbwa wao, walikaa humo majira ya baridi ya 1911, wakila nyama ya sili, na wakiwa karibu na Ncha ya Kusini kwa zaidi ya kilomita 100 kuliko Robert Scott, Mwingereza aliyekuwa akishindana nao kufika huko. Watano waliondoka tarehe 19 Oktoba, wakafika nchani tarehe 14 Desemba, na kurejea Januari 1912, mwezi uleule ambapo meli ya Kijapani ya Shirase Nobu, Kainan Maru, iliikuta Fram, meli ya Amundsen, ghubani.

Mwaka 1929 Mmarekani Richard Byrd alijenga hapo kambi ya Little America, na Novemba akaruka kwa ndege juu ya Ncha. Aliporudi mwaka 1934 alilazimika kuzifukua nyumba zake. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ghuba ilikuwa imesongwa mno, hata Wamarekani wakahamia Ghuba ya Kainan. Na mwaka 1987 siwa la barafu B-9, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 150, likamegeka likaondoka na umbo la ghuba lenyewe.