Mabasi Yanayozeeka kwa Mkupuo

Habari za jioni, ndugu zangu. Naona humu ndani wamo watu wanaotambua basi kwa mlio kabla halijakata kona, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi. Ule ubishi wa Scania na Yutong naomba tuuhifadhi hadi wakati wa chai, maana hayo ni mambo ya mikoani. Leo tunazungumzia basi la mjini, lile linaloanza kazi alfajiri, likasimama kila kituo, likajazwa hadi mlango ukagoma kufunga, na kesho yake likatakiwa tena.

Nimekuja na hoja moja tu. Jiji likinunua mabasi yake yote kwa mkupuo, yatazeeka yote kwa mkupuo. Ni kama shamba la minazi iliyopandwa siku moja: miaka ya neema unashangilia, kisha msimu mmoja unakuta yote imekoma kuzaa na huna hata mche uliotangulia kukua.

Tuanze nyumbani. Kampuni ya DMT, iliyoendesha mabasi ya Dar es Salaam tangu enzi za mkoloni, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikabaki na jiji. Ndipo tukaingia zama za Ikarus kutoka Hungaria, pamoja na lile refu lenye kiungo katikati, kumbakumba. Wazee waliomo humu naona wameshaanza kutabasamu.

Kwa vijana ambao hawakulipanda, niwaeleze lilivyo chini, maana huko ndiko kwenye utamu. Ikarus 280 halikuwa na injini nyuma. Injini ililazwa ubavu chini ya sakafu, kwenye kipande cha mbele, nayo ikasukuma ekseli ya katikati. Kipande cha nyuma kilikuwa kinakokotwa tu, kama tela. Fundi aliifikia kwa kushuka shimoni au kulala chali, matone ya oili yakimwangukia kifuani. Abiria aliyesimama pale kwenye sahani ya duara katikati, penye ule mpira uliokunjamana, basi likikata kona aliona wenzake wa nyuma wanahama upande mzima ilhali yeye yupo palepale. Kwa mtoto, ile ilikuwa burudani isiyolipiwa nauli ya ziada.

Mabasi marefu ya leo yamegeuza mpango huo. Injini ipo nyuma kabisa, kwa hiyo mkia ndio unaosukuma kichwa. Bila kudhibitiwa, kwenye utelezi litajikunja kama kisu cha kukunja. Ndiyo maana kwenye kiungo kuna majeki ya haidroliki na sensa zinazopima pembe ya mkunjo. Fundi wa kumbakumba alihitaji spana na gundi ya mpira. Wa leo anahitaji pia kompyuta ya kusomea hitilafu. Kariri hilo, tutalirudia.

Sasa, kilichoyaua yale mabasi ni nini? Wengi husema matunzo mabovu, na kuna ukweli ndani yake, lakini tazameni kalenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikapiganwa, fedha za kigeni zikaadimika. Spea ya Ikarus ilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Na kwa kuwa mabasi yalikuwa ya aina moja na ya umri unaokaribiana, yote yaliomba kitu kilekile miezi ileile. Basi la kwanza likikosa giaboksi linawekwa juu ya mawe. La pili likikosa pampu, fundi anaikumbuka ile iliyoko juu ya mawe. Anainyofoa. Anaokoa siku ya leo, na kumbe ameshalizika lile la kwanza. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria, ikiwa imeshindwa kuwazuia, na daladala tukazipata kihalali. Kabla ya hapo ilikuwa magari ya chai maharage ya kukimbizana na polisi, abiria mmetazamana kwenye mabenchi, magoti yanagongana.

Wakati huohuo, Budapest, kwa wenyewe, Ikarus 280 iliendelea kufanya kazi hadi walipoiaga rasmi mwezi Novemba 2022. Chuma ni kilekile.

Kwa wanaodhani basi la mjini lina umri wa kufa uliopangwa, twende London. Routemaster, lile jekundu la ghorofa lenye mlango wazi nyuma, lilianza kubeba abiria mwaka 1956. Yaliundwa 2,876, uzalishaji ukisambaa hadi mwaka 1968. Njia yake ya mwisho ya kawaida, namba 159, iliagwa Desemba 2005. Halikuwa na chesisi: bodi ya aluminiamu ilijibeba yenyewe, fremu moja ndogo mbele ikishika injini na usukani, nyingine nyuma ikishika ekseli. Ukitaka kulitengeneza unafungua bolti, unavuta fremu, unanyanyua bodi.

Na walikuwa na pa kufanyia hivyo, karakana ya Aldenham. Basi likiingia, bodi inakwenda upande mmoja na fremu upande mwingine. Kwa kuwa fremu ilichukua muda tofauti na bodi, hazikusubiriana. Bodi ya basi hili ilifungwa kwenye fremu za basi lile, likabandikwa namba, likatoka. Kwa mpenzi wa mabasi hapo ndipo kichwa kinapouma: basi namba fulani uliyopiga picha mwaka 1965 na namba hiyohiyo mwaka 1975 huenda havishirikiani hata dirisha. Uzuri wa mpango ule ni kwamba mabasi yaliingia kwa zamu, wiki baada ya wiki, kwa hiyo wakati wowote ule London ilikuwa na mabasi mapya kama ya jana, mabasi ya umri wa kati, na mabasi yaliyokaribia zamu yake. Aldenham ilifungwa mwaka 1986, na hata hivyo miaka ya 1990 mengi yaliwekewa injini mpya za Cummins na Iveco yakaendelea.

Mrithi wake, Routemaster jipya la mwaka 2012, yalinunuliwa 1,000. Mazuri kwa macho, sikatai. Lakini madirisha ya ghorofani yalikuwa hayafunguki, abiria wakaiva wakati wa joto hadi ikabidi yarudishwe kuwekewa ya kufunguka, na baadhi betri za kuendeshea zilichoka mapema basi likawa linatembea kwa dizeli tupu. Kasoro ya muundo mmoja, ukiwa umenunua kwa mafungu makubwa, inakuwa kasoro ya jiji. Kati ya hayo mawili London ilijaribu pia kumbakumba za Mercedes, ikazitupa mwaka 2011. Miaka mitano baadaye sisi tukazirudia.

Ndiyo, nafika mwendokasi, mabasi yetu ya Dar es Salaam yenye njia yake pekee. Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, mabasi 140 ya Golden Dragon yakaanza kazi pamoja. Milango iko kulia, kwa sababu vituo viko katikati ya barabara, na sakafu imeinuliwa ilingane na jukwaa. Hivyo huwezi kwenda kuazima basi lolote la mtaani siku ukipungukiwa. Karakana ikawekwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, na kila aliyekaa mji huu anajua mvua za masika hufanya nini pale. Bado kanuni ni ileile ya Ikarus: breki, giaboksi na sensa za kiungo zilianza kuhesabu kilomita wiki ileile.

Hoja ya upande wa pili si ya kupuuza. Mkopo huja mara moja, na anayenunua 140 hupewa bei ambayo anayenunua 15 hapewi. Sawa. Lakini mkataba unaweza kuwa mmoja na mabasi yakaletwa kwa awamu za miaka, na ndani yake ikaandikwa stoo ya spea pamoja na hiyo kompyuta ya fundi niliyowaambia mkariri. Bei ikipanda kidogo, pigeni hesabu ya basi lililo juu ya mawe halafu tulinganishe.

Mbagala sasa kuna mabasi ya gesi asilia, yaliyoanza kufika mwaka 2025. Mitungi ya gesi ina ukaguzi wake wa lazima kwa vipindi, na mitungi iliyofika pamoja itadai ukaguzi pamoja. Ninyi wenye kamera na madaftari mna kazi hapo: andikeni namba ya ubavuni na tarehe mliyoliona basi likitembea, siyo picha ya siku ya uzinduzi tu. Daftari la namna hiyo likitunzwa miaka kumi litaonyesha ni lini hasa mabasi yanaanza kupungua barabarani, na kama yanapungua moja moja au kwa kundi.

Kaka wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu tukiwa London. Karibu, uliza.