Hewa na Superkondakta: Adui Hasa Ni Nani?

Mabibi na mabwana, superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, ikiharibika tunasema imeliwa na hewa. Tunaionea hewa. Ile kauri ya itriamu, bariamu na shaba iliyotangazwa mwaka 1987 huokwa ndani ya oksijeni, na ikiikosa haianzi kupitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini zake 92 hivi, yaani baridi ya kama nyuzi za Selsiasi 181 chini ya sifuri. Wa kulaumiwa ni unyevunyevu, akisaidiwa na kabonidioksidi.

Mnyonge mle ndani ni bariamu. Maji yakiipata huigeuza hidroksidi, na hidroksidi ikikutana na kabonidioksidi huwa kabonati: ungaunga mweupe juu ya kidonge cha kauri kilichokuwa cheusi. Kitumbukize kwenye maji ya moto uone viputo. Ni oksijeni inaitoka kauri inayobomoka.

Hapa tukae kidogo. Kauri hii ni punje zilizoshikamana, na maji hutangulia kupenya kwenye maungio yake. Punje zenyewe zaweza kubaki nzima. Ukipima ni kwenye baridi gani ukinzani huanza kuporomoka, utapata jibu lilelile la zamani, ufurahi bure. Hebu pitisha mkondo mkubwa! Unakwama, kwa kuwa kati ya punje na punje pamejaa takataka zisizopitisha umeme. Mimi kipimo cha baridi peke yake hakinitoshi, nionyeshe ampea za mkondo.

Tena madhara makubwa hayatokei kabatini. Hutokea onyesho la sumaku kuelea juu ya kidonge kilichopozwa likishakwisha, kidonge kinapotolewa kwenye naitrojeni kimiminika yenye kelvini 77. Mvuke wa hewani huganda juu yake, barafu ikayeyuka, kikalowa chepechepe. Na watu hukirudisha kwenye boksi vivyo hivyo! Kipashe moto taratibu mpaka kikauke, ndipo ukifungie pamoja na silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu.

Si zote zilizo nyonge hivyo. Niobiamu, ambayo ni metali, hujivika oksidi ya nanomita chache ikatulia. Kauri za bismuthi, zisizo na bariamu, huvumilia zaidi. Fulereni (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira) yenye potasiamu, ya mwaka 1991, ndiyo haishikiki kabisa nje ya sanduku lisiloingia hewa.

Tepu za viwandani, yaani kanda nyembamba zilizopakwa kauri hii, hufunikwa kwa fedha, kisha shaba. Ukiichana tepu kwa urefu, ukingo wa kauri unabaki uchi. Uzibe mapema kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo, maana joto kali nalo huifukuza oksijeni.