Mtihani wa Bodi Unaandaliwa Saiti

Marahaba wanangu, kaeni. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Sheria inayoiongoza Bodi, namba 4 ya mwaka 2010, sitaisoma hapa, mnayo. Nitasema lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: mtihani huu unaandaliwa saiti, na ushahidi wake ni logibuku, lile daftari ambamo mhitimu anaandika kazi zake na bosi anasaini.

Hii tabia ya kujaza miezi yote usiku mmoja, wino mmoja, kisha kumfuata bosi asaini kwa mkupuo, inaniudhi sana. Nikikuta "nilihudhuria kikao cha saiti" wiki baada ya wiki, bila kuambiwa kikao kiliamua nini, najua mwenye daftari atakwama mapema.

Chukueni swali la mvua. Jengo la ghorofa nne liko kwenye msingi, Dar es Salaam, mwezi Aprili. Mkandarasi anaandika barua: mvua imenichelewesha, naomba niongezewe wiki tatu. Wewe ndiye msimamizi wa mkataba. Unajibu nini? Wengi wenu mna huruma: apewe, mvua si imenyesha? Wengine mna ukali: anyimwe, atozwe fidia ya ucheleweshaji. Mkataba hamjaufungua! Masika ya Dar kila mtu anaijua, ni Machi hadi Mei, na mkandarasi alipopanga ratiba yake aliijua pia. Kinachotafutwa ni kama mvua hii imezidi kawaida ya msimu, na kama ndiyo hasa iliyosimamisha kazi. La kwanza utalipata kwenye takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa. La pili linamtaka mtu aliyekuwepo.

Nilikuwa na binti mmoja, mhitimu, aliyekuwa akiandika kila jioni. Leo mvua imeanza saa nne asubuhi, mashimo ya msingi yamejaa, pampu imefika saa tisa, mafundi wanakata nondo chini ya turubai. Siku nyingine: jua kali, mashine ya zege imezimwa, saruji imekwisha stoo tangu jana. Barua ya mkandarasi ilipokuja, siku za saruji kuisha nazo zilikuwa zimehesabiwa kuwa za mvua. Binti akaweka daftari kando ya barua, wakapitia tarehe kwa tarehe. Mkandarasi akapewa siku zake za haki, zile nyingine akazifuta mwenyewe. Mtihani ulipomuuliza kuhusu kuongeza muda wa mkataba, binti alieleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Najua mtasema: ofisini kwetu hatupelekwi saiti, tunashinda kwenye kompyuta tukichora picha za kumpendeza mteja. Ni kweli, na lawama ni yetu sisi wenye ofisi. Anayemchukua mhitimu akamfanya mchoraji tu, anamdhulumu. Lakini faili za mradi zimo humo humo ofisini. Omba usome mihtasari ya vikao. Omba nakala ya hati ya malipo, ukae na mkadiriaji, yule anayepima na kuhesabu gharama za ujenzi, akuonyeshe kazi gani imelipiwa, kiasi gani kimezuiwa mpaka kipindi cha matazamio, kile cha mkandarasi kurekebisha kasoro, kiishe, na kwa nini nondo zilizo dukani kwa muuzaji hazikuingizwa. Zege likimwagwa Jumamosi, omba ruhusa uende.

Na ninyi mnaozungusha maswali ya miaka iliyopita kwenye simu, yasomeni, sikatazi. Ila tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, hapo Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, tukazika tena. Ukishasajiliwa utagonga muhuri kwenye michoro ya majengo ambamo watu watalala. Hakuna jibu la kukariri linalotosha hapo.

Yamebaki ya kuzungumza: vibali vya ujenzi vya halmashauri, maadili, mgawanyo wa kazi kati yako na mhandisi. Muda umekwisha. La maadili moja tu: usisaini mchoro ambao hukuuchora wala kuusimamia, hata aliyekuomba akiwa mjomba wako. Ndilo linalowaponza wengi mwaka wa kwanza baada ya kusajiliwa. Haya, maswali. Tuanze na dada pale mlangoni.