Njia ya Mguu Nayo Iingie kwenye Daftari

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu zangu watendaji wa kata na vijiji, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama kule mlangoni: sogeeni mbele, viti vipo. Mazungumzo ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine humu ndani.

Wengi mmeshanisikia nikisema haya: njia za mguu zinazopita pikipiki nazo ziingie kwenye daftari la barabara. Nitayasema tena, kwa sababu masika yamepita na njia za milima yetu hii ya Uluguru, Morogoro, ziko vilevile.

Naanza na shilingi 100. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Uamuzi mzuri, niliushangilia. Sasa mchukueni kijana anayepandisha mbolea kutoka Kinole kwenda vitongoji vya juu. Akitumia lita 3 kwa siku, kachangia shilingi 300. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni shilingi 90,000, kijana mmoja huyo. Na njia anayopita je? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazitambua barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Mtandao wa TARURA una kilomita zaidi ya 144,000. Njia ya huyu kijana haimo. Haina namba, haina jina, na isiyo na namba haitengewi hata shilingi. Tunaiita njia ya mguu, tunamaliza. Miguu gani? Simameni pale chini siku ya soko mhesabu wenyewe mikungu ya ndizi inashuka juu ya nini.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia kwenye kila kikao: njia yote imeharibika, hakuna pa kuanzia, tusubiri greda. Hapo ndipo ninapokosa subira. Niwasimulie.

Kuna njia moja juu ya Kinole, kilomita 6 hivi. Kila niliyemuuliza aliniambia imekufa yote. Nikaomba tuipime. Tulikwenda wanne: mwenyekiti wa kitongoji, dereva wa bodaboda na pikipiki yake, mama mmoja muuza ndizi, na mimi na futi ya kamba ya meta 50. Masharti yalikuwa mepesi. Dereva akisema "hapa nashuka, nasukuma", tunapima. Akisema "hapa napita", tunaendelea. Tulipofika juu nikajumlisha: meta 410. Kilomita 6 zinalia kwa sababu ya meta 410! Kwingine kote anapita masika na kiangazi.

Pabaya kuliko pote palikuwa mteremko mmoja katikati ya migomba. Njia imechimbika ikawa korongo la kufika magotini, mizizi imetokeza pembeni kama mbavu, chini udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda. Pikipiki yenye mikungu kila upande haiingii humo. Mzigo unakwaruza kingo, unakwama. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, hapa mimi natua mkungu kwanza, nauserereshea chini, halafu ndiyo nashuka mwenyewe." Na mwisho wa mteremko kuna kijito chenye magogo mawili, moja limeoza. Vijana wawili wanakaa pale kazi yao kubeba pikipiki kuivusha, shilingi 500 kwenda, 500 kurudi. Siwalaumu. Lakini kila aliyevushwa ameshalipa tozo ya barabara kwenye mafuta, na pale kijitoni analipa tena.

Nikauliza nini kimechimba korongo lile. Wote wakasema: pikipiki. Sikukubali. Tukapanda juu, hatua kama 80 kutoka pale, tukakuta maji ya shamba la mtu yanaingia njiani na hayana pa kutokea. Yanaifuata njia mpaka kijitoni, masika yote. Maji ndiyo yaliyochimba, tairi lilikuja baadaye kumalizia. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alikuwa anatusikiliza na jembe begani. Hakusema neno. Akakata mfereji wa mshazari kuvuka njia, akapanga mawe upande wa chini, akayaelekeza maji kwenye mashimo ya migomba yake. Nusu saa, haikuzidi. Akasema, "Maji haya nilikuwa nayahitaji mimi." Nilirudi baada ya mvua kubwa. Korongo lilikuwa palepale, maana halijafukiwa, lakini lilikuwa kavu, na nyasi zilishaanza kuota ndani yake.

Ndiyo maana nikipewa fedha kidogo, naanza na maji. Kwenye mwinuko mkali, toa maji nje ya njia kila meta 10 au 15. Tuta la kugeuza maji liwe pana na la chini, lililolala, ili tairi lipande na kushuka taratibu. Msitupe gogo kuvuka njia. Pikipiki yenye mzigo itapinduka na mtu atavunjika mguu. Ngazi za mawe nazo, ambazo wafadhili wanazipenda, zinamfaa anayetembea na zinamfunga mwenye pikipiki. Tandaza mawe bapa yaliyolala, upana wa meta 1.5 hadi 2, yatosha. Kule Siha, Kilimanjaro, kwenye barabara ya Lawate kwenda Kibongoto, walijaribu kumwaga zege mistari miwili tu, kila tairi la gari na mstari wake. Pikipiki inataka mstari mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

Utasema, mheshimiwa, kwamba watu wa milimani nao wanastahili barabara ya kweli, na mimi nawapunja kwa kuwatengenezea kichochoro. Nimeambiwa hivyo usoni, na linaniuma, kwa sababu mimi pia naitaka hiyo barabara. Lakini mjamzito hasubiri mwaka wa fedha. Leo ukipiga 115, mfumo wa m-mama, ule wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unatafuta gari. Gari linakuja mpaka pale barabara inapoishia. Kutoka kitongojini mpaka pale ni nini kinambeba? Ni machela na mabega ya wanaume wanne, usiku, kwenye korongo lile nililowaeleza. Pikipiki si kitu cha kumbebea mwenye uchungu, nakubali, ila hata wabeba machela wanahitaji mahali pa kukanyaga. Njia iliyotolewa maji inamsaidia anayebeba, anayeendesha na mtoto anayekwenda shule. Na siku barabara kubwa itakapokuja, haitapita palepale? Kazi haijapotea.

Wengine watasema bodaboda zinaua, na sisi tunaziongezea njia. Zinaua, ndiyo. Zinaua zaidi kwenye lami, kwa mwendo kasi. Kofia ngumu na leseni tuvisimamie huku chini, hilo halizuii kule juu pasitengenezwe.

Sasa nguvu kazi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kuna anayewaza: tuwaamuru wananchi, kila kaya meta zake. Nchi hii ya Uluguru ina kumbukumbu. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Hoja ya udongo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini amri na kazi bila ujira viliwachosha watu, na mwaka 1955 kule Matombo ikawa vurugu. Msirudie. Msaragambo wa siku moja, sawa, watu watakuja wenyewe. Matengenezo ya mwaka mzima yana ujira. Vikundi vya kina mama na vijana wapewe kipande chao, jembe, sululu, koleo, na malipo kila baada ya ukaguzi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Niharakishe. Kuhusu ardhi: njia inapita shambani mwa mtu, basi mwiteni mwenye shamba kabla hamjapima, mwandikishiane kwenye serikali ya kijiji mbele ya mashahidi. Kuhusu vivuko: Kigoma wamejenga madaraja ya upinde wa mawe bila nondo, nendeni mkaone, mawe tunayo sisi tele. Makete, kule Njombe, walishaanza kuboresha njia za mguu na vivuko vya waenda kwa miguu tangu miaka ya 1980, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hili ni jambo geni Tanzania. Nilitaka kusema na habari ya punda, basi, itakuwa siku nyingine.

Ninachoomba kwa baraza hili ni kitu kimoja kiandikwe kwenye muhtasari leo: kila kata ilete orodha ya njia zake tatu zinazopita pikipiki nyingi, zipewe jina na namba, na mahali pabaya papimwe kwa meta. Sijaomba fedha bado. Naomba orodha.

Ile futi ya kamba nimekuja nayo, iko kwenye mfuko wangu. Kesho saa 12 na nusu asubuhi nitakuwa pale stendi ya bodaboda. Nahitaji dereva mmoja, diwani mmoja, na mama mmoja anayebeba mzigo. Nani anakuja?